Mtani Hanyimwi Gati

Kadi zimo mfukoni mwa Waziri. Hapo ndipo tulipomwacha Kelera Tamani Jumapili iliyopita: taa zinamchoma usoni, kamera zinamkodolea, nchi nzima imekaa mbele ya televisheni ikiteremsha chakula cha baada ya kanisa, na kadi zake za maswali zimekunjwa na kutiwa katika mfuko wa sulu, ile sketi rasmi ya kiume, ya Mheshimiwa Emosi Koroivalu, Waziri wa Visiwa.

Kwa wewe uliyefungia samaki gazeti la wiki iliyopita, sikulaumu, ila sikiliza haraka.

Waziri huyu amezindua gati katika kisiwa cha Vatudilo, kwao alikozaliwa. Utepe ulikatwa, nyimbo zikaimbwa, picha zikatoka magazetini. Ajabu ni kwamba picha zote zilipigwa juu ya boti, na hakuna hata moja inayoonyesha gati. Watu wa Vatudilo mpaka leo wanashukia kwenye tope na kubebwa mgongoni hadi ufukweni. Mchungaji wao ameshaangushwa akiwa na joho lake jeupe, watu wakacheka mpaka Pasaka. Mwalimu Litia, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa kisiwa, Waziri akiwa mmojawao, aliangushwa akavunjika nyonga. Hilo hakulicheka mtu.

Kelera anataka jibu moja tu. Gati lipo au halipo?

Akilipata, kipindi chake cha Ana kwa Ana kinaendelea kuishi. Asipolipata, kesho kiti chake anapewa Taito, yule kijana mwenye meno ya tangazo la dawa ya mswaki, ambaye swali lake gumu kuliko yote mwaka huu lilikuwa kumwuliza mbunge kama anapenda magimbi ya kuchemsha au ya kuoka. Mkubwa wa kituo alishatoa neno. Wanasiasa watatu mfululizo wamemponyoka Kelera mikononi. Huyu wa nne naye akiponyoka, basi na Kelera atafute pa kuponyokea.

Swali lilipoulizwa tu, Waziri akatabasamu na kumwuliza dada yetu kwao ni wapi. Mtu akikuuliza kwenu hapa Fiji unajibu kabla hujafikiri, maana ndivyo tulivyolelewa. Kelera akajibu: bonde la Wainasau.

Alikwisha.

Waziri akapiga paja. "Kumbe mtani wangu," akawaambia watu waliokaa kwenye mabenchi ya studio. "Watu wa Wainasau ni watani wetu sisi wa Vatudilo tangu mizimu yetu ilipokuwa inagombea mke mmoja."

Akanyoosha mkono, akazichukua kadi mezani na kuzitia mfukoni. Mtani huchukua. Akipita uani kwako akaona kuku, kuku ni wake. Ukikasirika umejiaibisha, na ukimnyima umewaaibisha waliokuzaa. Kelera alikuwa mbele ya taifa zima, na taifa zima linayajua hayo.

"Usiziombe," ilisema sauti ya Ravin ndani ya kidude cha sikioni.

Ravin Deo ndiye mwongozaji wa kipindi. Anakaa nyuma ya kioo kule juu, na kazi yake ni kuona kila kitu na kuumwa tumbo.

Kelera akacheka, kicheko cha kulazimisha mwanzoni, kisha cha kweli.

"Zichukue, mtani. Zote zina swali lile lile. Nililiandika kwenye kila kadi kwa sababu nilijua utajifanya umelisahau."

Mabenchi yakaangua kicheko. Waziri naye alicheka, ila macho yake yalimpima upya huyu mwanamke.

"Sasa niambie. Gati la Vatudilo lipo au halipo?"

"Mtani wangu wa mtoni," alisema Waziri, "ninyi na gati wapi na wapi? Kwenu mnavuka kwa kumshika ng'ombe mkia. Ng'ombe akiumwa, kijiji kizima hakiendi kanisani."

Vicheko tena. Kelera akasubiri vitulie, akauliza tena. Lipo au halipo?

Hapo Waziri alianza kusema. Msomaji, sitakupotezea muda wako kwa maneno yake yote. Alisema habari za maendeleo, za upepo wa kusini, za babu yake aliyekuwa mwogeleaji hodari, za vijana wetu wa raga na moyo wao wa kujituma. Alisema mpaka ukadhani gati limejengwa kwa pumzi yake mwenyewe. Kelera alimkata kwa upole na kumrudisha palepale.

"Lipo?"

"Mtani, gati ni kitu cha baharini. Bahari ina kujaa na kupwa. Maji yakijaa, gati linafunikwa, huwezi kuliona."

"Na yakipwa?"

"Yakipwa, boti haiwezi kufika ulione."

Hata mpiga kamera alicheka, picha ikatikisika nchi nzima.

Kelera akaona heri aseme wazi. Alimkazia macho na kumwambia kwamba amewadanganya watu wake, watu waliomlea, na kwamba kuna bibi kitandani kwa ajili ya uongo huo. Siku nyingine yoyote maneno hayo yangeleta mtafaruku bungeni. Siku hiyo mabenchi yalishangilia. Waziri alijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya tai.

"Mnawaona watani?" alisema. "Wananitukana mbele ya mke wangu anayetazama nyumbani, na lazima nicheke. Endelea, mtani, nitukane tena."

Hapo ndipo Kelera alipouona mtego ulivyo. Kila jiwe analorusha linageuka ua njiani. Mtani hatukani, anatania, na kila ukweli atakaousema leo utahesabika kuwa mzaha. Kwa mara ya kwanza akamwona Taito akilini, akikaa kwenye kiti hiki, amevuka mguu, anauliza habari za magimbi.

Ravin akapeleka matangazo ya biashara.

Taa za kamera zilipozimika, binti wa poda alikuja kumpaka Waziri puani. Waziri alichukua glasi ya maji ya Kelera na kuyanywa yote. Kisha akainama karibu, sauti yake imebadilika, haina tena mbwembwe za jukwaani.

"Mwanangu, acha kujisumbua," alisema. "Gati lipo wapi? Hakuna gati. Nguzo zimelala bandarini hapa Suva zinaota kutu. Lakini uchaguzi ni mwezi ujao. Nikipita nitalijenga, na wewe nitakualika ukate utepe. Mkasi nitakuletea wa dhahabu."

Kelera aligeuka upesi akatazama kioo cha Ravin.

"Umeipata?" aliuliza kwa midomo tu.

"Nimepata nini?" ilisema sauti sikioni. "Vinasa sauti tumevizima, ni matangazo. Kwani kasema nini?"

Waziri alijilaza nyuma kitini na kumkonyeza. Amekaa katika siasa tangu Kelera akiwa shule ya msingi, anajua kipi kimewashwa na kipi kimezimwa. Nilipoisikia habari hii baadaye nilitaka kumtafuta mtu huyo nimwambie maneno mawili, na mimi si mgomvi.

Kelera alisimama, akasogea pembeni karibu na mapazia, akazungumza kwa sauti ya chini na kidude chake. Alimweleza Ravin alichoambiwa. Ravin akasema kile alichokuwa akiwaambia watangazaji wake wote, na watangazaji wake wote walikuwa wakikisahau mara taa zikiwaka.

"Dada Kelera, unamfukuza. Mwanasiasa ukimfukuza anakimbia, na kukimbia ndiyo kazi yake. Usimfukuze. Mwekee kitu kidogo njiani ajikwae. Uliza kifupi, halafu nyamaza. Nyamaza mpaka kimya kimwashe."

"Na utani wake je?"

"Utani si wake peke yake," alisema Ravin. "Rudi kitini, tunaingia."

Kelera alirudi na kuketi. Maneno hayo ya mwisho yalimzunguka kichwani. Utani si wake peke yake. Taa nyekundu ikawaka.

Alianza kwa kumshukuru Waziri. Alisema amefurahi kukumbushwa mila, maana mjini watu wanasahau walikotoka. Waziri akaitikia kwa kichwa kama shemasi.

"Hebu nikumbushe vizuri, mtani," alisema Kelera. "Mtu wa Wainasau akimwomba kitu mtu wa Vatudilo, ananyimwa?"

"Hanyimwi."

"Hata kikiwa kitu kikubwa?"

"Hata nyumba," alisema Waziri, na sasa hadithi ilikuwa imemnogea. "Mjomba wangu alipitiwa na watani wa kwenu wakautaka mtumbwi wake mpya, ambao hajauvulia hata samaki mmoja. Aliwapa, akawaongezea na makasia, akarudi ndani kulia chini ya shuka. Ndiyo mila. Humnyimi mtani."

"Kamwe?"

"Labda kitu ambacho huna."

"Basi mtani," alisema Kelera, "nakuomba gati."

Kisha akafunga mdomo.

Mabenchi yalielewa kwanza; pale nyuma mama mmoja alishika mkono wa mwenzake. Kisha Waziri akaelewa. Tabasamu lake lilibaki mahali pake lakini mwenyewe hakuwemo tena ndani yake.

Akisema sina, amekiri. Akisema sikupi, amemnyima mtani mbele ya kila nyumba yenye televisheni kuanzia mjini hadi visiwa vya mwisho, na uchaguzi mwezi ujao.

"Usiseme kitu," alinong'ona Ravin. "Hata kukohoa usikohoe."

Kelera hakukohoa. Alimtazama tu, kwa macho ya mtu aliyeomba chumvi kwa jirani na anangoja apewe.

Waziri alirekebisha tai. Alitafuta glasi ya maji akakumbuka ameshayanywa. Kule kwenye ukumbi wa watangazaji, Taito, aliyekuwa ameshavaa suti mpya tayari kwa kesho, aliacha kutafuna.

Ndipo mzee yule akaonyesha kwa nini amepita chaguzi tano. Alisimama wima. Akakusanya viganja, akapiga makofi yale mazito ya heshima tunayopiga kwenye bakuli la kava, kinywaji chetu cha mila, makofi ya jambo lililokwisha.

"Mtani, sikunyimi," alisema. "Mbele ya watu hawa na mbele ya mababu zetu, gati la Vatudilo ni lako. Lipokee."

Mabenchi yakalipuka.

"Na kuanzia sasa," aliendelea akiwa ameinua kidole, "mtu yeyote mwenye swali kuhusu gati hilo, liko wapi, lina urefu gani, linaonekana au halionekani, asinisumbue mimi. Amwulize mwenye mali."

Lo. Watu walipiga miguu sakafuni. Mpiga kamera aliyecheka mwanzo sasa alikuwa ameegemea kamera yake hoi. Na Kelera, aliyeomba mwenyewe kwa mdomo wake, angefanya nini? Aliyeomba akapewa hupokea. Alikusanya viganja vyake akapiga makofi ya kupokea, na ndani ya kidude akamsikia Ravin akigonga kitu, labda meza, labda kichwa.

Msomaji wangu, Waziri angeaga hapo hapo, leo tungekuwa tunaandika tanzia ya kipindi cha Ana kwa Ana. Angempa mkono Kelera, angewapungia watu, angekwenda nyumbani kula. Lakini mwanasiasa akishangiliwa hajui mlango uko wapi.

"Mtani huchukua, naye huchukuliwa," alisema. "Mimi nimetoa gati. Sasa nami nachukua changu. Nakitaka hicho kiti."

Kelera alinyanyuka. Waziri akakaa kwenye kiti cha mtangazaji, akakizungusha kidogo kukijaribu, naye Kelera akakaa kwenye kiti cha mgeni, ambacho bado kilikuwa na joto la mheshimiwa.

Waziri alizitoa zile kadi mfukoni, akaivaa miwani yake, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma ya tatu. Kweli zote zilikuwa na swali moja. Akazitupa mezani na watu wakacheka tena, na lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: mzee yule alikaa kwenye kiti kile kama aliyezaliwa nacho.

"Karibu kipindini, mama mwenye gati," alisema. "Swali langu ni fupi. Umewahi kukanyaga Vatudilo?"

Naye akanyamaza. Amejifunza upesi, mwizi huyu.

"Usijibu moja kwa moja," alisema Ravin kwa wasiwasi. "Zungusha. Sema ni swali zuri."

Kelera alikiri baadaye kwamba hapo ndipo alipowaelewa wanasiasa wote aliowahi kuwahoji. Maneno ya kuzunguka yalikuja yenyewe mdomoni, mengi, matamu, yamejipanga mlangoni yanasubiri kutoka. Swali zuri sana. Kwanza tuangalie historia. Jambo hili lina pande nyingi. Alihisi jinsi ilivyo rahisi na jinsi inavyotuliza, na akaona aibu.

"Sijawahi," alisema.

Watu waliguna. Ravin alisema neno ambalo marehemu bibi yake asingelipenda. Kule ukumbini Taito alianza kutafuna tena.

Waziri aling'aa. Aligeukia kamera, mikono ameitandaza.

"Hajawahi. Mwezi mzima ananiandama kama nzi, gati, gati, gati, na mahali penyewe hapajui. Hajawahi kukanyaga."

Hapo, jamani, hapo angemaliza. Lakini aliyekaa kwenye kile kiti hakufundishwa na Ravin, na kuna swali moja ambalo Ravin huwakataza wanafunzi wake wasiulize kamwe, nalo ni lile ambalo hulijui jibu lake. Waziri alikuwa amelewa vicheko. Aliegemea mbele.

"Na kwa nini basi hujawahi?"

"Nilikwenda, Mheshimiwa," alisema Kelera. "Nilikwenda na nikarudi nikaenda tena. Tulikiona kisiwa, tukawaona watu ufukweni wanatupungia. Boti ilizunguka mpaka maji yakapwa. Nahodha akakataa kunishusha. Alisema hapa hapana pa kufungia boti."

Watu wa mabenchi walitulia. Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyesikia mzaha.

Lakini Waziri alisikia kitu kingine. Alisikia mtu wa mtoni, mtu wa kushika ng'ombe mkia, anasema mbele ya taifa kwamba Vatudilo, Vatudilo yake, hapana pa kufungia boti. Damu ya kisiwa ikampanda kichwani. Unaweza kumwita mtu wa Vatudilo mwongo akacheka, lakini usimwambie kwao hakufikiki.

"Nahodha gani huyo mjinga?" alisema. "Si angefunga kwenye mkoko ule mkubwa, kama tunavyofunga sisi sote siku zote? Hata mama yangu anafunga pale. Ijumaa hii amefunga pale."

Kelera hakusema kitu.

Hakuinua hata nyusi. Mikono ameiweka magotini, ametulia kama mgeni mwenye adabu, akamwachia Waziri maneno yake yatue.

Waziri aliyasikia yakitua. Niliona picha hiyo nyumbani kwangu, kijiko cha magimbi kikiwa nusu njia, na ninaapa uso wa yule mzee ulifanya kazi ya majuma mawili kwa mara moja.

"Yaani kabla ya gati," alisema.

Kimya.

"Mama hajazoea gati. Ni mtu mzima, anapenda mkoko wake."

Kimya. Mahali fulani kwenye mabenchi mtoto aliuliza kitu akazibwa mdomo. Waziri alikuna shingo, akakuna mkono, akatazama mlango, akatazama kadi mezani ambazo zote zilimwuliza kitu kimoja. Kimya kilikuwa kinamwasha mwili mzima na hakuna pa kukunia.

"Bado halipo," alisema hatimaye kwa sauti ndogo. "Gati halijajengwa."

Hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja kule nyuma alianza kulia polepole, na wale wa karibu naye walijua kwa nini, kwa maana alikuwa mpwa wa Mwalimu Litia. Kelera alikuwa amelitaka jibu hilo kwa ajili ya kiti chake, na sasa lilipokuja hakukumbuka kiti, alimkumbuka bibi aliyelala hospitali akitazama dari.

"Asante, Mheshimiwa," alisema. "Hilo ndilo nililokuwa nauliza."

Ravin akafunga kipindi huku akipiga kelele sikioni kwake kwa Kihindi, kwa Kifiji na kwa lugha nyingine ambayo nadhani aliitunga papo hapo. Mkubwa wa kituo alikuwa ameshapiga simu, alisema, anataka kumpongeza, anasema kiti ni chake mpaka azeeke. Taito ameonekana akivua tai.

Waziri alinyanyuka kwenye kiti cha Kelera taratibu. Alimtazama kwa muda, na ajabu ni kwamba hakuwa na hasira. Mtani hakasiriki. Alimpa mkono, akaushika zaidi kidogo kuliko desturi.

"Umenipata," alisema. "Lakini mtani, ulipiga makofi."

Kelera hakumwelewa. Alidhani mzee amechanganyikiwa. Alichomoa waya mgongoni, akajifuta jasho, akaanza kucheka peke yake kwa furaha, mara sauti ya Ravin ikarudi sikioni, na safari hii haikuwa na shangwe.

"Dada Kelera, usitoke kwa mlango wa mbele. Kuna watu."

"Watu gani?"

"Wa Vatudilo, wote wanaoishi mjini. Ukumbi wa kanisa lao si uko mtaa wa pili? Walikuwa wanatazama kipindi pale. Wamekuja na mikeka na fungu la mizizi ya kava ya kuombea jambo, wamejaa ngazi mpaka barabarani, na wanazidi kuja."

"Waambie wasubiri kidogo, Waziri wao anatoka sasa hivi."

"Hawamtaki Waziri. Nimewauliza. Wanasema walikuona kwa macho yao ukipokea. Wanasema wewe ni mtani wao na wao ni watani wako, na mtani hanyimwi."

Kelera aliketi tena, polepole, kwenye kiti cha mgeni.

"Wanataka nini, Ravin?"

"Wametandika mikeka, dada. Wamekuja kuomba gati."